Mwalimu Akirudi Siku ya Nne

Pemba hatuna upungufu wa watu wa kufariji. Mwalimu akifiwa, kabla ya maziko mchango umeshapita ofisini, gari imeshapatikana, walimu wanawake wamo ndani na wenye msiba, wanaume wako barazani. Siku ya tatu inasomwa hitma na tanga linaanuliwa. Siku ya nne mwalimu yuko mbele ya darasa lililofurika, chaki mkononi, na kuanzia hapo hakuna tena anayemuuliza hali yake ila kwa salamu za kawaida.

Kazi yangu ni kuwashauri walimu wakuu juu ya ushauri nasaha skulini. Nikialikwa kuzungumzia ustawi wa walimu, wengi hutarajia nitapendekeza semina, au tafrija ya mwisho wa muhula na zawadi ya kikombe. Sina ugomvi na biriani. Ila skuli inayotaka kumsaidia mwalimu wakati mgumu ianze na karatasi iliyobandikwa ukutani ofisini: ratiba.

Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alieleza jambo ambalo mwalimu yeyote wa mkondo wa mchana angelimwambia bure. Kazi nyingi humchosha mtu, lakini inayomvunja ni kazi nyingi asiyokuwa na kauli juu yake. Watafiti waliomfuata wakaongeza la tatu, nalo ni msaada wa wenzake kazini: ukikosekana, mzigo uleule huwa mzito zaidi. Sasa tazama skuli zetu. Masika yakikata njia, mwalimu mkuu hawezi kuyazuia. Mshahara hawezi kuupandisha. Idadi ya watoto darasani haimo mkononi mwake, wala hawezi kuwazuia wanafunzi wasiende dago, yaani kambi za uvuvi, au kuchuma karafuu msimu ukifika. Ratiba imo mkononi mwake.

Ndani ya ratiba hiyo, la kwanza kuondosha ni zamu. Mwalimu wa zamu hufika kabla ya wenzake, husimamia mstari na usafi, hushughulika na wachelewaji na wazazi waliokuja na hasira zao, kisha huondoka wa mwisho. Ni kazi ya kukurupushwa siku nzima, na mtu ambaye hajalala vizuri haiwezi. Baada ya zamu, punguza usahihishaji. Madaftari husahihishwa usiku, nyumba ikishatulia, na ndio wakati mawazo yanapomjia mtu kwa nguvu. Vipindi viwe vya mwisho kuguswa. Walimu wakuu wengi hufanya kinyume: humwambia mfiwa "pumzika vipindi wiki hii", halafu zamu ya Jumatano inabaki na jina lake na rundo la madaftari linamngoja pale pale. Kumbe kwa walimu wengi niliozungumza nao, ile saa ya kusomesha ndiyo saa pekee ya siku wanayojisahau kidogo.

Tena usimwambie "ukihitaji chochote niambie". Hatokwambia. Haya zetu unazijua, na mwalimu mwenye staha ndiye wa mwisho kuomba. Mpe mambo mawili yaliyo wazi achague: "Mwalimu, zamu yako ya Jumanne nimeshampa Maalim wa Jografia. Vipindi viwili vya mwisho vya Alkhamisi, utavishika mwenyewe au nivigawe?" Hapo umemsaidia na umemrejeshea kauli juu ya kazi yake kwa pamoja. Weka na ukomo, tuseme wiki tatu, kisha mkae tena. Msaada usio na mwisho unaojulikana huzaa manung'uniko kwa wanaoziba pengo, na manung'uniko ya ofisini hayachelewi kumfikia mwenyewe. Andika nani amebeba nini, ili aliyebeba naye akipatwa na lake skuli ijue ilikokopa.

Mikondo miwili inaleta tatizo lake. Skuli za ghorofa zilizojengwa miaka ya karibuni zimeyapunguzia adha hii baadhi ya maeneo, lakini penye mkondo wa asubuhi na wa mchana unakuta walimu wa jengo moja wanapishana mlangoni tu. Wa asubuhi wanajua kuwa mwenzao mtoto wake amelazwa. Msaidizi anayesimamia mchana hajui, anampa mitihani ya kusimamia. Hakuna mwenye nia mbaya hapo, habari tu haikuvuka adhuhuri. Daftari la makabidhiano baina ya wasimamizi wa mikondo miwili linatosha, mradi liandikwe kinachohitajika na si siri ya mtu. "Fulani asipangiwe kazi za ziada hadi tarehe 20" inatosha. Sababu yake haimhusu kila atakayelifungua.

Kuna misiba isiyokuwa ya mtu mmoja. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba, na mwezi Julai 2012 ikafuata meli ya Skagit karibu na Chumbe. Msiba wa namna ile unapoingia skuli, mwalimu aliyempoteza nduguye husimama mbele ya watoto waliopoteza wazazi. Baada ya jambo kama hilo huja hamu ya kuwakusanya walimu wote chumba kimoja, kila mmoja aeleze aliyoyaona na anavyojisikia. Huwa naipinga. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupitia tafiti za afya, hayakukuta kuwa kikao cha mara moja cha kumtaka mtu asimulie yaliyompata kinazuia athari za mshtuko baadaye, na kwa baadhi ya watu kinaweza kudhuru. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani na washirika wake unashika mambo matatu mepesi: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani hali yake haiko sawa. Msikilize anayetaka kusema, na asiyetaka mwache. Muunganishe na anachokihitaji, iwe ni jamaa, daktari, au mtu wa kumfuatilia karatasi za mirathi. Hakuna palipoandikwa kumkalisha mtu kwa nguvu atoe ya moyoni.

Kwa walimu wanaovuka maji kwenda kusomesha, kama Kojani na Makoongwe, hofu ya bahari si hadithi ya zamani. Siku za kusi kali, uamuzi wa kuvuka au kutovuka uwe wa aliyesimama pwani anayeyaona mawimbi, na skuli iwe imeshapanga mapema nani ataziba darasa. Kumlazimisha mtu ajieleze kwa simu huku upepo unampiga ni udhalilishaji mdogo unaokaa moyoni muda mrefu.

Grupu la WhatsApp la walimu: lisitumwe agizo la kazi baada ya isha. Basi.

Madeni nayo yapo, na aghalabu ndiyo yaliyojificha nyuma ya mwalimu "aliyebadilika". Mtu mwenye mkopo wa benki juu ya mkopo wa mtaani hata ukimpa mapumziko hapumziki. Mwalimu mkuu asiwe mkopeshaji wala mdhamini wake. Amsaidie kupanga ana kwa ana na wanaomdai, na amlinde na wanaokuja kumdai mbele ya wanafunzi.

Nani amsikilize mwalimu anayetaka kusema? Skuli zetu zina walimu wa ushauri nasaha, lakini kwa mwalimu mwenzao siwapendekezi sana. Katika shehia ambayo huyu ni binamu na yule ni mke wa shemeji, siri haikai, au mtu huamini kuwa haikai, na athari ni ileile. Skuli mbili jirani zibadilishane: mshauri wa huku awasikilize walimu wa kule. Kuwa mbali kidogo kunalegeza ulimi.

Mwalimu akipitisha wiki mbili hapati usingizi, chakula hakimpiti vizuri, hana hamu na lolote, au amefika pahala pa kusema bora afe, hilo limeshapita uwezo wa ratiba na wa mshauri. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, waite jamaa anaowaamini, na nendeni naye hospitali iliyo karibu. Wengi husita kwa kuwa wakisikia afya ya akili wanaona Kidongo Chekundu tu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, wakati daktari wa kuanza naye yupo karibu na nyumbani. Familia ikitaka kumsomea, isome. Kisomo sijawahi kukipinga, na mgonjwa anayesomewa huku anatumia dawa hanipi wasiwasi. Anayenipa wasiwasi ni yule aliyeambiwa achague moja.

Amebaki mwalimu mkuu mwenyewe. Yeye hupokea ya walimu, ya wazazi, ya kamati ya skuli na ya wilaya, na hana ofisi ya kwenda kukaa kimya. Walimu wakuu nawashauri wachukuane wawili wawili, wa skuli tofauti, wapigiane simu siku moja maalumu kila wiki, iwe na jambo au isiwe na jambo. Wengine huanza kwa kuilalamikia wilaya dakika kumi nzima. Waache walalamike.