Lavenham: Fito, Udongo na Pesa za Sufu

Bandua lipu ya nyumba ya miaka 500 katika kijiji cha Lavenham, Uingereza, na mtu wa Pemba, Muheza au Msambweni atakitambua mara moja kilicho chini yake: fito zilizopishanishwa, udongo uliokandikwa kwa mikono, na ndani ya udongo huo majani makavu na samadi ya ng'ombe. Ni kiambaza. Kwetu nyumba ya namna hiyo huitwa mbavu za mbwa, na mwenyewe akipata vijisenti vya kutosha jambo la kwanza ni kuivunja. Kule Lavenham inalindwa na sheria ya nchi, na mwenye nyumba akibadilisha hata dirisha la kale bila kibali anaweza kufikishwa mahakamani.

Kwa sisi tunaoshughulika na uhifadhi wa majengo ya kale, kijiji hiki ni darasa. Kila tunapowaeleza watu habari za nyumba za jadi, swali la kwanza huwa ni lile lile: nyumba ya udongo inaishije karne tano? Jibu lake ni la ufundi, lakini pia ni la pesa, zile zilizokuja na zaidi zile zilizoondoka.

Lavenham iko Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kilomita mia moja na ushei kutoka London. Wakazi wake leo hawafiki 2,000. Mwaka 1524, serikali ya Mfalme Henry VIII ilipokusanya kodi, mahali hapa palihesabiwa kuwa pa 14 kwa utajiri katika Uingereza nzima, pakalipa kuliko miji mikubwa kama York na Lincoln. Utajiri huo ulitoka mgongoni mwa kondoo. Wafanyabiashara walinunua sufu, wakaigawa kwa wanawake waisokote nyuzi majumbani mwao, nyuzi zikapelekwa kwa wafumaji, na kitambaa kizito kilichopatikana kikauzwa hadi ng'ambo. Kilichowapa jina kilikuwa kitambaa cha bluu. Rangi yake ilitolewa kwenye majani ya mmea wa jamii ya kabichi, kabla nili ya Mashariki haijazoeleka Ulaya.

Aliyewapita wote alikuwa Thomas Spring, aliyefariki mwaka 1523. Hakuzaliwa katika ukabaila. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mwana wa wafanyabiashara wa vitambaa. Pesa zake, pamoja na za John de Vere, Earl wa Oxford aliyekuwa bwana wa ardhi ya pale, ndizo zilizosaidia kulijenga upya kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo kati ya miaka ya 1480 na 1525 hivi. Mnara wake una urefu wa mita 43. Ukiutazama kutoka mashambani unashangaa kijiji kidogo vile kimepataje mnara kama ule, mpaka upande macho juu kabisa na kuona nembo ya ukoo wa Spring imechongwa, ikarudiwa, ikarudiwa tena. Nyota ya de Vere nayo ipo ukutani. Wenye pesa walitaka Mungu aone, na majirani pia waone.

Kanisa ni la mawe, na sehemu kubwa ya kuta zake ni gumegume, kwa kuwa Suffolk haina jiwe jema la kuchonga. Nyumba za watu zilijengwa kwa mti.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ufundi wenyewe ndio uliobeba kila kitu. Seremala alikwenda msituni kuchagua mialoni, akaikata na kuichonga ikiwa bado mibichi, kwa sababu mwaloni ukishakauka unakuwa mgumu hata patasi inateleza. Hakuanza kujenga kiwanjani. Kiunzi chote alikiunda kwanza amekilaza chini kwenye karakana yake: akatoboa matundu, akachonga ndimi za kuingia humo, akajaribu kila kiungo kinavyokaa. Kisha akatia alama kwa patasi, namba za Kirumi, ili nguzo ya tatu isije ikaingizwa kwenye tundu la nne. Akakifungua kiunzi, akakipakia kwenye mikokoteni, akaenda kukisimamisha mahali pake na kuvibana viungo kwa misumari ya mti. Alama zile bado zinaonekana kwenye nyumba nyingi za kale za Uingereza, na fundi anayezifanyia ukarabati leo anazisoma kama barua aliyoandikiwa na mwenzake.

Mti mbichi ukikauka hupungua na kujipinda. Ndiyo sababu nyumba za Lavenham zimeegemeana, hii imeinama mbele, ile imelala ubavu, kama wazee barazani wanaonong'onezana. Mgeni anadhani zinaanguka. Kiunzi kilijipinda kikiwa kizima, viungo vikaendelea kushikana, na nyumba ikatulia katika upinde wake karne na karne. Nyumba ya saruji ikiinama kiasi kile ingekwisha pasuka.

Katikati ya nguzo ndipo penye kiambaza. Fito za miti myembamba zilipenyezwa kwenye vishimo vilivyotobolewa juu na chini, nyingine zikasukwa kwa kupishana, kisha ukaja udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa pamoja na majani makavu na samadi. Mara nyingi walikandika watu wawili, mmoja ndani na mwingine nje, wakisukumiana tope mpaka lishikane katikati. Waliokua katika nyumba za kukandikwa wanaikumbuka kazi hiyo, na kicheko chake. Juu yake ikapakwa lipu ya chokaa, na juu ya lipu chokaa ya maji, iliyorudiwa kila baada ya miaka michache.

Jengo linaloonyesha ufundi huu kwa ukamilifu ni Guildhall, lililosimama kwenye uwanja wa soko tangu mwaka 1530 au karibu na hapo. Lilikuwa jumba la chama cha udugu wa kidini, Corpus Christi, ambacho wanachama wake walikuwa matajiri wa vitambaa. Nguzo zake zimepangwa karibu karibu mno, nyingi kupita zile zinazohitajika kubeba paa, na ghorofa ya juu inachomoza nje kuelekea barabarani. Mwaloni haukuwa bei poa. Nguzo zile zilisema kuhusu mwenye jumba kile ambacho mlango wa nakshi na misumari ya shaba unasema pale Mji Mkongwe, Zanzibar.

Kisha pesa zikaondoka. Mwaka 1525 mfalme alidai kodi nyingine ya kugharimia vita dhidi ya Ufaransa, matajiri wa vitambaa wakasema hawana tena cha kuwalipa wafanyakazi, na maelfu ya watu wa Suffolk wakakusanyika Lavenham kupinga. Mfalme aliifuta kodi hiyo. Lakini soko lenyewe lilikuwa linageuka. Katika nusu ya pili ya karne hiyo, wakimbizi kutoka Uholanzi na Flandria walifika mji jirani wa Colchester na ufundi wa vitambaa vyepesi, vya bei nafuu zaidi, na kitambaa kizito cha bluu kikakosa wanunuzi. Utajiri wa Lavenham ulikuwa umekwisha kabla mjukuu wa mjukuu wa Spring hajazeeka.

Ufukara huo ndio uliotuachia kijiji. Miji iliyoendelea kutajirika katika karne za 17 na 18 ilibomoa nyumba za mti na kujenga za matofali kwa mtindo mpya. Wachache wa Lavenham walimudu kubandika ukuta wa kisasa mbele ya nyumba, wengine wakafunika mbao kwa lipu ili kwenda na wakati, na waliobaki wakaishi katika nyumba za babu zao kwa sababu hawakuwa na namna. Tunaoijua Lamu hatuhitaji maelezo marefu: biashara ilipohamia Mombasa, Lamu ikabaki na vichochoro vyake, na vichochoro hivyo ndivyo vilivyoufanya mji ule uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Siwezi kusema umaskini ni jambo jema kwa majengo. Nyumba nyingi zilioza na kuanguka, na watu waliishi humo kwa dhiki. Guildhall yenyewe ilipitia mengi. Vyama vya kidini vilipopigwa marufuku mwaka 1547 iligeuzwa ukumbi wa mji, baadaye jela, kisha nyumba ya kazi ya maskini, mahali ambapo fukara alipewa chakula kwa kutumikishwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilipokea watu waliohamishwa kukimbia mabomu. Tangu mwaka 1951 iko mikononi mwa National Trust, taasisi ya hiari ya uhifadhi iliyoanzishwa mwaka 1895, na sasa ni makumbusho. Humo wanaonyesha paka mkavu, wa aina ile iliyokuwa ikifichwa ndani ya nyumba za kale ili kufukuza uovu. Wazee wetu wa pwani waliofukia fingo chini ya kizingiti wangeelewa bila mkalimani.

Nirudi kwenye ukuta, kwa sababu hapa ndipo makosa yanapofanyika hadi leo, kule na huku. Ukuta wa mti na udongo hunywa maji mvua ikinyesha, na huyatoa jua na upepo vikija. Chokaa inaruhusu hilo. Tena ni laini. Kiunzi kikicheza kidogo kwa joto au baridi, chokaa nayo inacheza. Katika karne ya 20 mafundi wengi wa Uingereza walianza kupiga lipu ya saruji juu ya nyumba hizi wakiamini wanaziimarisha. Saruji ni ngumu, haifuati mwendo wa mti. Inapasuka ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia kwa ufa, na yakishaingia hayana pa kutokea. Kwa nje nyumba inang'aa. Kwa ndani boriti ya chini, ile inayobeba nguzo zote, inalainika mpaka unaweza kuichoma kwa kisu kama muhogo uliochemshwa. Hivyo ndivyo nyumba iliyokaa miaka 400 inavyoweza kuharibiwa ndani ya miaka 30 na mtu mwenye nia njema.

Nyumba zetu za mawe ya matumbawe, Lamu na Zanzibar, zinaugua ugonjwa huo huo kwa sababu hiyo hiyo. Ukiwa na nyumba ya kale iliyojengwa kwa chokaa, mwite fundi anayeijua chokaa, hata kama anachukua muda mrefu na wa saruji anaahidi kumaliza wiki hii.

Upo pia mtindo wa kuacha mbao wazi na kuzipaka rangi nyeusi, jambo ambalo picha nyingi za Uingereza zimetuzoesha. Weusi ule ulishika sana katika karne ya 19. Suffolk mwaloni uliachwa uchakae kwa rangi yake ya fedha, au ulipakwa chokaa pamoja na ukuta, na chokaa hiyo mara nyingi ilitiwa udongo wa rangi: manjano, waridi, kahawia. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye nyumba wengi walibandua lipu ya zamani ili mbao zao zionekane. Inapendeza machoni, nakubali, lakini lipu ile ilikuwa koti la mvua.

Mlinzi wa majengo haya leo ni sheria. Tangu mwaka 1947 serikali huorodhesha majengo yenye thamani ya kihistoria, na jengo lolote la kabla ya mwaka 1700 lililobaki na sehemu kubwa ya umbo lake la awali huwa karibu moja kwa moja linaingia. Lavenham pekee ina zaidi ya 300. Kabla ya sheria hiyo kulikuwa na watu tu na sauti zao, hasa baada ya William Morris, mshairi na msanii wa Kiingereza, na wenzake kuanzisha mwaka 1877 chama cha kulinda majengo ya kale, wakisisitiza kwamba jengo lirekebishwe pale palipoharibika na lisigeuzwe kuwa jipya.

Sauti hizo zilihitajika mwaka 1911. Kumbuka zile namba za Kirumi. Nyumba iliyoundwa ili ifunguliwe inaweza kufunguliwa tena, na matajiri wa wakati ule walikuwa wakinunua nyumba za mti, kuzivunja kiungo kwa kiungo na kuzisimamisha kwenye mashamba yao. Jumba la karne ya 15 liitwalo Wool Hall lilinunuliwa kwa ajili ya Princess Louise, binti wa Malkia Victoria, na mafundi wakaanza kulibomoa ili mbao zipelekwe Ascot, mji ulio magharibi mwa London. Wanakijiji walikataa, padri wa parokia akiwa mbele yao, na chama cha Morris kikawaunga mkono. Princess Louise alikubali kulirudisha. Mbao zilipangwa upya pale pale zilipokuwa, ulimi ukaingia tundu lake, na jumba likawa nyumba ya mapumziko ya wanawake waliofanya kazi katika reli. Leo ni sehemu ya hoteli ya Swan, na mgeni akiketi chini ya paa lake na kunyanyua macho anaziona zile boriti zilizofunguliwa mara moja na kufungwa tena.