Kumhoji askari si kumtetea mhalifu

Kauli iliyonikalisha kitako kuandika ni hii: "Nyinyi mnaochunguza polisi mnatetea wahalifu." Naisikia hapa Lamu mjini, Mkomani na Langoni, naisikia kwa vijana wa bodaboda Mokowe, naisikia kwa wazee ninaowaheshimu. Hata mama aliyekuja kwa sababu mwanawe amepigwa kituoni, kabla hajamaliza maelezo yake, ataniuliza, "Lakini mwanangu, si wewe ndiye mwenye kuwatetea wale wabaya?" Yeye amekuja akijua mwanawe si mbaya, na bado swali hilo limemkaa kifuani.

Kazi yangu ni utafiti wa uwajibikaji wa polisi na uhuru wa raia. Nasoma sheria inamruhusu askari kufanya nini, natafuta alifanya nini, kisha naandika tofauti iliyopo. Mshukiwa akiwa mwizi kweli, hakimu atamfunga, na mimi sina neno. Ninachouliza ni kama yaliyotendeka tangu aliposhikwa hadi aliposimama kizimbani yalifuata sheria. Kipimo chenyewe sikukitunga mimi. Kifungu cha 244 cha Katiba ya Kenya kinawataka polisi wenyewe wafuate viwango vya haki za binadamu. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema askari aanze na njia zisizo za nguvu, nguvu anayotumia ilingane na hatari iliyopo, na kwamba amri ya mkubwa wake si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria. Aliyebisha mlango wangu akitaka kujua kama hayo yalifuatwa ametetea uhalifu gani?

Tuchukue mfano wa pwani hii hii yetu. Agosti 2014, polisi waliingia usiku katika nyumba moja huko Kinango, Kwale, wakimtafuta mtu mwingine. Msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, akapigwa risasi akafa. Maelezo ya polisi yalikuwa kwamba aliwavamia kwa panga. Kama kila mtu angeyapokea maelezo hayo na kwenda zake, faili ingefungwa siku ile. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ikachunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawafunga maafisa wawili miaka saba kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Ilikuwa hukumu ya kwanza kupatikana kutokana na uchunguzi wa IPOA. Anayeniambia natetea wahalifu nataka anionyeshe mhalifu katika habari hiyo ni nani.

Au mtazameni Josephat Mwenda, dereva wa bodaboda aliyepigwa risasi na polisi akaenda kulalamika IPOA. Juni 2016 aliuawa pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri, wakitoka mahakamani Mavoko. Julai 2022 maafisa watatu na mpashaji habari wao mmoja walitiwa hatiani. Najua wengi huitaja kesi hii kama sababu ya kunyamaza. Hofu hiyo siidharau, na simshauri mtu yeyote aende kulalamika peke yake bila watu kujua. Lakini watatu kati ya waliohukumiwa pale kama wahalifu walikuwa na vyeo, na aliyekuwa akidai haki alikuwa mwenye pikipiki.

Hapa Lamu dhana hii ina meno zaidi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambako watu zaidi ya sitini waliuawa, serikali iliweka kafyu Julai na kuiongeza tena na tena hadi mwisho wa mwaka. Hakuna mwenye akili timamu aliyesema wauaji wasisakwe. Lakini mvuvi wa Kizingitini au Faza anafuata maji na mwezi. Ukimfungia usiku umemfungia riziki, na alipouliza kwa nini, au alipouliza kijana wake aliyechukuliwa yuko kituo gani, aliambiwa anawaunga mkono magaidi. Haya maneno yalitusomba sote, tukaanza kuwaangalia jirani zetu kwa jicho la askari.

Na hasara yake inairudia kazi ya polisi yenyewe. Wa kwanza kuiona mashua ngeni kwenye mkondo ni mvuvi. Akiwa anaogopa kwamba kwenda kutoa habari kutamfanya yeye ndiye mshukiwa, atafunga mdomo. Wanaofikiri usalama na haki hugombania kiti kimoja hawajakaa na mabaharia hawa. Kafyu inaweza kuwa halali, kwa kuwa Sheria ya Utulivu wa Umma inaitambua. Kumpiga mtu aliyekutwa nje wakati wa kafyu si halali, na haki ya kutoteswa iko katika Kifungu cha 25, miongoni mwa zile ambazo Katiba inasema hazipunguzwi kwa hali yoyote. Hali ya hatari haimo humo kama kisingizio. Nimelisema hili katika vikao vingi na nitaendelea kulisema.

Dhana ya pili inaniuma kwa namna nyingine: "Maiti ikishazikwa, kesi imekwisha." Sisi huharakisha maziko, ni mafundisho ya dini yetu, na sitaki mtu adhani nimekuja kuyavunja. Lakini mtu akifa mikononi mwa polisi, au baada ya kutoka kituoni na majeraha, mwili wake ni ushahidi ambao hakuna shahidi mwingine wa kuuziba pengo. Uchunguzi wa daktari unaweza kufanywa haraka familia ikiusimamia, na familia inaweza kuomba daktari wao awepo. Mkishazika pia mlango haujafungwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 387, inampa hakimu uwezo wa kuamuru mwili ufukuliwe na kuchunguzwa. Mwili wa Kwekwe ulifukuliwa. Nawaomba tu msisubiri kufika huko, kwa sababu kufukua kunawatesa wazazi mara ya pili.

Nyingine nazipitia upesi.

"Saa 24 za kufikishwa mahakamani zinaanza ukiandikwa kwenye OB," yaani daftari la matukio la kituo. Sivyo. Zinaanza uliposhikwa, hata kama ulishikwa Kiunga na mahakama iko mbali. Zikiishia siku isiyo ya mahakama, unafikishwa siku ya mahakama inayofuata. Andikeni saa ya kukamatwa, tena muiandike siku ile ile.

"IPOA itamfukuza kazi yule askari." IPOA haifukuzi wala haifungi. Inachunguza na kupendekeza, na uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Malalamiko unaweza kuyatoa kwa mdomo au kwa maandishi, na wana ofisi Mombasa.

"Bondi inalipiwa." Bondi ya polisi, yaani ahadi ya kufika ukiitwa, hailipiwi hata shilingi. Dhamana ya fedha taslimu ni jambo jingine, nayo ina risiti. Pesa isiyo na risiti mjue mmeitoa kwa nini.

"Simjui jina, kwa hiyo siwezi kulalamika." Jedwali la Sita linamtaka askari aliyevaa sare aonyeshe jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Asipoonyesha, hilo nalo ni la kuandika.

Halafu wako wanaosema wasomi huandika makaratasi yasiyobadilisha kitu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, katika ripoti yake ya 2008 ilihesabu waliokufa kuwa 1,133, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Februari 2009 akaja Philip Alston, profesa wa sheria aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kuchunguza mauaji ya kiholela. Mwaka huo huo jopo la Ransley likatoa mapendekezo zaidi ya mia mbili ya kurekebisha polisi. Katiba ikafuata 2010, Sheria ya IPOA 2011. Hesabu ya Waki ilitoka kwa watu waliokaa wakifungua rekodi za hospitali na vyumba vya maiti, jina baada ya jina.

Vijana wanaonijia wakitaka kazi hii hudhani lazima wawe mawakili. Wanatakiwa wanasheria, ndiyo, lakini wanatakiwa pia wanatakwimu, wauguzi wanaojua kusoma jeraha, watu wa historia wenye subira ya kukaa na majalada. Na kijana wa Faza au Kizingitini anayesema Kibajuni, au wa Basuba anayesema Kiaweer, ana kitu ambacho mtafiti kutoka Nairobi hawezi kukisomea: bibi ambaye mjukuu wake hajarudi atamsimulia yote kwa lugha ya nyumbani, na maelezo hayo yakiandikwa sawasawa siku ile ile, wakili atakuwa na cha kupeleka mahakamani.