Injini kulika maana yake nini, na kwanini inaanza asubuhi

Watu wakisikia injini imelika wanajua ni kilometa tu, gari limetembea sana basi. Kilometa zinachangia kweli ila gari la laki 2 lililokuwa linapiga safari ndefu unaweza kulikuta injini nzima kuliko la laki 1 ambalo kazi yake ilikuwa sokoni na kurudi.

Kulika ni chuma kusuguana na chuma, ndo hivyo tu. Ringi za pistoni na ukuta wa silinda, bering za kranki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni), vyote hivyo katikati yake kuna utando wa oili mwembamba kuliko unywele na huo utando ndo unafanya visigusane. Sasa gari likilala usiku oili nyingi inashuka chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, asubuhi ukipiga stata pampu inahitaji sekunde kadhaa kuipandisha hadi juu kwenye vali, halafu yenyewe ikiwa baridi ni nzito inapita kwa shida. Na injini baridi inajimwagia petroli nyingi kuliko kawaida, isiyoungua inateremka ukutani mwa silinda inaosha ile oili kidogo iliyobaki. Halafu ndo mtu anawasha na kupiga resi eti anapasha injini jamani!! Hapo unaisugua kavu.

Wala haina haja ya kuiacha ikiunguruma dakika kumi. Washa, subiri kama nusu dakika, ondoka taratibu bila kukanyaga sana. Kwenye Passo na Vitz kuna kile kitaa cha bluu kwenye dashibodi, kikizima wengi wanajua tayari, wakati kile kinapima maji na oili inachelewa kupata moto kuliko maji, kwahiyo vumilia kilometa kadhaa tena.

Mimi niko Njombe, baridi ya mwezi wa 7 mnaijua, na kutoka nyumbani hadi kazini kwangu hata kilometa 2 hazifiki. Siku moja nafungua kifuniko cha kuwekea oili nakuta chini yake kumeganda kitu kama mtindi. Nikajua hedi gasketi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, imekufa, roho ikashtuka, kumbe ni unyevu uliobaki kwa sababu injini haipati moto. Lita 1 ya petroli ikiungua inatoa maji karibu lita 1, mengi yanatoka na moshi lakini mengine yanapenya kwenye oili, na injini isipopata moto vizuri hayakauki, yanabaki humo pamoja na petroli yanaiharibu oili.

Kuna na kupanda mlima na gia kubwa mpaka gari linatetemeka, hiyo nayo inaumiza bering, shusha gia. Na vumbi, eya klina (chujio la hewa) ikichanika ule mchanga unaingia silinda unafanya kazi ya msasa.

Kama safari zako ni fupi fupi hivi usingoje kilometa 5,000 ndo ubadilishe oili, hesabu miezi. Mimi namwaga oili kila miezi minne hata kama imetembea 1,500 tu, na Jumamosi nalipeleka hadi Makambako na kurudi injini ipate moto vizuri.