Bei ya Mtaani Haitozwi Kodi: Dhana Potofu Kuhusu Uchumi wa Bangi na Dawa za Kulevya

"Halalisheni, tozeni kodi, deni la taifa lilipwe." Maneno haya yamegeuka kibwagizo. Anayasema mwekezaji anayetafuta leseni, anayasema mgombea wa ubunge, na hata mhasibu aliyezeeka kwenye vitabu vya hesabu huyasema bila kupepesa macho. Kwa hiyo tutaanzia hapo, na tutakaa hapo kwa muda. Dhana nyingine nazo ni potofu, ila hazichoshi masikio kiasi hicho.

Dhana: Zidisha bei ya mtaani kwa kiasi kinachovutwa, kata asilimia ya kodi, umepata mapato ya serikali

Hesabu hii ina makosa matatu, na kila moja linatosha kuiangusha.

La kwanza ni bei yenyewe. Gramu ya bangi ya magendo haiwi ghali kwa sababu mmea ni mgumu kulima. Bangi huota hata pasipo kupandwa. Kinacholipwa pale ni hatari: mkulima anayejificha, dereva anayeweza kwenda jela, rushwa za njiani, mzigo unaokamatwa, na mchuuzi anayeuza msokoto mmoja mmoja kwa sababu hathubutu kuweka gunia. Sheria ikibadilika, gharama hizo zinayeyuka. Mkulima anapanda shamba zima hadharani, anakausha kwa mashine, anapakia kwenye lori mchana kweupe. Washindani wanaongezeka na bei inaporomoka. Kodi unayoipigia hesabu leo imekaa juu ya bei ambayo kesho haitakuwepo.

Chukua tarakimu za kujifunzia tu. Gramu inauzwa mtaani kwa 100. Watu wanavuta gramu milioni 10 kwa mwaka. Mpiga hesabu wetu anaweka kodi ya asilimia 20 na kuandika kwenye bajeti: milioni 200. Soko halali linafunguliwa, na baada ya misimu michache ya mavuno bei kabla ya kodi inatua kwenye 30. Asilimia 20 ya 30 ni 6. Tena nusu tu ya wanunuzi wamehamia dukani, kwa hiyo zinazotozwa kodi ni gramu milioni 5. Mara 6, unapata milioni 30. Zile 170 zilizobaki hazijaibwa na mtu, hazikuwahi kuwepo.

Hapo ndipo lilipo kosa la pili: kudhani wanunuzi wote wanahama siku ya kwanza. Kosa la tatu ni kusahau kwamba kusimamia soko hili kunagharimu. Unahitaji wakaguzi, maabara za kupima ukungu, viuatilifu na metali nzito, na mfumo wa kufuatilia kila mche kwa lebo yake tangu unapopandikizwa hadi risiti ya mteja. Bila mfumo huo, mzigo halali unatokea mlango wa nyuma na wa magendo unaingilia mlango wa mbele.

Colorado, jimbo la Marekani lililofungua maduka tarehe 1 Januari 2014, ni mfano mzuri kwa sababu vitabu vyake viko wazi. Linatoza asilimia 15 kwenye bei ya jumla na asilimia 15 nyingine kwenye rejareja. Mwaka 2021 lilikusanya zaidi ya dola milioni 420 kutokana na kodi na ada za bangi. Mwaka 2023 makusanyo yalikuwa chini ya dola milioni 300. Idadi ya wavutaji haikuanguka kiasi hicho. Kilichoanguka ni bei ya jumla, iliyopungua kwa zaidi ya nusu katika kipindi hicho, na kodi ya asilimia hushuka ngazi na bei. Zaidi ya hayo, bajeti ya jimbo hilo inazidi dola bilioni 30. Hata mwaka wa neema, bangi ilileta takriban asilimia moja tu. Kwa asilimia moja unajenga madarasa, na Colorado ilijenga. Deni la taifa ni habari nyingine.

Mtu akishaelewa hilo, huruka upande wa pili: basi tusitoze asilimia, tutoze kwa uzito. Sawa, lakini na huko kuna shimo. California ilianza mwaka 2018 kwa kumtoza mkulima dola 9.25 kwa kila aunsi (takriban gramu 28) ya maua makavu, ile sehemu ya mmea inayovutwa. Pauni ina aunsi 16, kwa hiyo ni dola 148 kwa pauni. Pauni ikiuzwa dola 1,500, mkulima hasikii maumivu. Ikishuka hadi 400, kodi imemla zaidi ya theluthi ya mauzo kabla hajalipa vibarua. Kodi hiyo ilifutwa Julai 2022. Kanada nayo iliweka dola 1 kwa gramu au asilimia 10, ipi iliyo kubwa. Wakati wa kupanga, watu walikuwa wakiwaza gramu ya dola 10, ambapo viwango hivyo viwili vinalingana. Mzalishaji akiuza gramu kwa dola 3, ile dola moja ni theluthi. Isitoshe, anadaiwa kodi mara mzigo unapokwenda kwa msambazaji wa mkoa, huku malipo yake yakisubiri. Matokeo yake ni malimbikizo ya kodi kwa wazalishaji wengi.

Kutoza kwa ukali, yaani kiasi cha THC (kemikali ya bangi inayolevya), kunasikika kwa akili zaidi, na kwa mafuta na bidhaa za kula kunafaa. Illinois, jimbo lingine la Marekani, inatoza asilimia 10 kwa bangi yenye THC isiyozidi asilimia 35 na asilimia 25 kwa inayozidi. Kwa maua peke yake, hata hivyo, kipimo kinayumba: maua mawili ya mti mmoja hayalingani, na maabara inalipwa na yuleyule inayempima. New York ilijaribu kodi ya miligramu ikaiacha mwaka 2024.

Ushauri ambao hautakiwi na wengi, lakini ndio unaofanya kazi: toza maua kwa uzito na mafuta kwa THC, anza na kiwango cha chini ili duka liweze kushindana na mchuuzi, na andika ndani ya sheria yenyewe kwamba kiwango kitapitiwa kila mwaka kulingana na bei ya jumla. Mapato yake yapeleke kwenye matumizi ya mara moja, kama majengo na vifaa. Ukiyaweka kwenye mishahara ya walimu, umemfunga mwalimu kwenye bei ya maua.

Jambo moja zaidi ambalo mabango ya kampeni hayaligusi. Wanaovuta kila siku ni wachache kati ya watumiaji, lakini ndio wanaomaliza sehemu kubwa ya bidhaa. Anayevuta mara moja kwa mwezi halipi kodi ya maana. Serikali inayotaka makusanyo makubwa inahitaji wavutaji wazito wengi, na wizara ya afya ya serikali hiyohiyo inataka wapungue.

Dhana: Kuondoa jinai na kuhalalisha ni kitu kimoja

Hapana. Ureno iliondoa adhabu ya jinai kwa kumiliki dawa kiasi cha matumizi ya siku 10, tangu Julai 2001. Kuuza kulibaki kosa la jinai, na hakuna senti ya kodi iliyoingia kutokana na mauzo. Afrika Kusini, tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Septemba 2018, mtu mzima anaweza kulima na kuvuta faraghani, lakini si kufungua duka. Ujerumani mwaka 2024 iliruhusu miche mitatu nyumbani na vyama vya wakulima visivyotafuta faida, bila maduka. Ukija na mpango wa biashara unaosema "nchi fulani wamehalalisha", swali la kwanza ni: wamehalalisha nini? Kumiliki, kulima au kuuza?

Dhana: Soko haramu hufa siku duka linapofunguliwa

Hufa polepole, na pengine lisife. Mchuuzi hana kodi wala gharama za maabara, na anafungua saa nane usiku. Kinachomuua ni maduka kuwa karibu, bei kukaribiana na ubora kujulikana. California iliziachia serikali za mitaa uamuzi wa kukataza maduka, nyingi zikakataza, na wateja wa maeneo hayo wakabaki na wauzaji wao wa zamani. Uruguay, nchi ya kwanza duniani kupitisha sheria ya kuhalalisha, Desemba 2013, ilichelewa hadi Julai 2017 kuanza kuuza kwenye maduka ya dawa, tena gramu 40 kwa mwezi kwa aliyejisajili.

Dhana: Pesa ya dawa za kulevya si mbaya, inazunguka humuhumu

Inazunguka, ndiyo, na inapopita inabomoa. Noti ndogondogo haziwezi kuingia benki kwa gunia, kwa hiyo zinapitishwa kwenye biashara ya fedha taslimu: baa, sehemu ya kuoshea magari, duka la vifaa vya ujenzi. Biashara hiyo haihitaji faida, kwa sababu kazi yake ni kutoa risiti. Inauza chini ya gharama, na jirani yake halali mwenye mkopo wa benki anafunga. Hatua inayofuata ni majengo. Nyumba inanunuliwa bila kubembeleza bei, viwanja vinapanda, na mwenye mshahara anasukumwa pembezoni.

Dhana: Mzigo wa mabilioni ukikamatwa, wakubwa wamepoteza mabilioni

Takwimu inayotangazwa kwa kawaida ni kilo mara bei ya gramu mtaani. Lakini kilo ya kokeini karibu na mashamba ya koka huuzwa kwa dola elfu chache, na bei hupanda kila inapovuka mpaka. Mzigo ukinaswa mapema njiani, mwenyewe amepoteza gharama ya kuununua tena na usafiri. Bei ya mtaani hajawahi kuwa nayo.

Dhana: Mkulima mdogo ndiye atakayetajirika

Kwa bangi ya matibabu, huyo ndiye wa kwanza kuachwa. Mti unapoteza karibu robo tatu ya uzito wake ukikauka, na maua lazima yatue kwenye unyevu wa takriban asilimia 10 hadi 12. Ukizidi, ukungu unaingia; ukipungua, yanasagika. Mmea huu pia hufyonza metali nzito kama kadimiamu na risasi kutoka ardhini, hivyo shamba lenye udongo mchafu linafeli maabara hata kama mkulima hakukosea popote. Shehena moja ikikataliwa, msimu umekwisha. Anayetaka kuingia apime udongo kabla ya kununua mbegu.

Dhana: Leseni ikishatoka, ni biashara kama nyingine

Waulize Wamarekani. Kifungu 280E cha sheria ya kodi, cha mwaka 1982, kinamnyima anayeuza dawa iliyo kwenye Jedwali la Kwanza au la Pili (orodha za shirikisho za dawa zinazodhibitiwa kwa ukali zaidi) haki ya kukata gharama za kawaida. Anakata gharama ya bidhaa tu. Duka limeuza milioni 1. Bidhaa ziligharimu 600,000; pango, mishahara na ulinzi 350,000. Faida halisi ni 50,000, lakini faida inayotozwa kodi ni 400,000. Kwa asilimia 21, kodi ni 84,000. Mwenye duka amepata faida na bado anadaiwa 34,000 asizokuwa nazo. Uruguay, ambako hakuna kifungu hicho, maduka ya dawa yalitishiwa kufungiwa akaunti mwaka 2017 kwa sababu benki ziliogopa sheria za Marekani. Kwa hiyo jibu la benki, kwa maandishi, linatafutwa kabla ya kulipia pango la duka.