Usifute nano, Angalia TERM Kwanza

"Kaka shikamoo, nano imekufa kwenye seva. Nimeifuta, nikainstoli upya, bado." Simu ya namna hii imenifikia tena wiki hii, safari hii kutoka ofisi moja ya utalii hapa Njiro. Kufuta na kuinstoli upya ndiyo dawa wanayopeana vijana wa IT mjini Arusha, na inaniuma kuona bando na muda vikipotea kwa nano, edita ya maandishi isiyo na kosa.

Soma kwanza ujumbe ulioachwa kwenye skrini. Wa kijana aliyenipigia ulisema: "Error opening terminal: xterm-kitty." Programu iliyouawa na ubovu wake yenyewe mara nyingi haiagi, unakuta "Segmentation fault" basi. Hii imeaga, tena imetaja jina la kinachokosekana.

Kijana alikuwa ameweka terminali (dirisha la kuandikia amri) mpya, kitty, kwenye laptopu yake. Kitty hujitambulisha kupitia TERM, kigezo kinachozitajia programu aina ya terminali, kwa jina la xterm-kitty. Ukiingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuitumia seva ukiwa mbali), TERM inasafiri nawe: imo ndani ya ombi lenyewe la kufunguliwa terminali, haisubiri ruhusa ya SendEnv (mpangilio wa SSH wa kutuma vigezo) kama LANG, kigezo cha lugha. Huko seva, nano inaiachia kazi ncurses, maktaba ya kuchora skrini, na ncurses inalitafuta jina hilo kwenye ~/.terminfo, /lib/terminfo na /usr/share/terminfo. Halipo. Bila maelezo hayo haijui hata skrini inafutwaje, kwa hiyo inafunga. Hata ukiinstoli nano mara mia, maelezo ya terminali hayaji nayo.

Emacs nayo ingekataa. Vim ndiyo inayowachanganya watu: inafunguka hata hivyo, wakati mwingine bila rangi. Basi wanasema Vim nzima, nano mbovu. Zote zimekuta pengo lile lile.

Dawa ya pili inayozunguka mjini ni mbaya zaidi: kuandika export TERM=xterm-256color ndani ya .bashrc (faili linalosomwa kila ukifungua shell) na kusahau. Ujumbe wa kosa unatoweka, kila mtu anafurahi. Lakini sasa umeilazimisha kila programu kuamini terminali ni hiyo, hata pale isipokuwa hiyo. Chukua tmux, programu inayogawa terminali moja kuwa nyingi. Ukiwa ndani yake, edita haizungumzi na kitty, inazungumza na tmux, na tmux ndiyo inayoweka TERM kuwa screen au tmux-256color. Mstari wako wa .bashrc unakuja baadaye na kulifuta jina hilo. Bonyeza Home: tmux inatuma ESC [ 1 ~. Maelezo ya xterm-256color yanaiambia programu isubiri ESC O H. Programu inayoyafuata maelezo hayo kama yalivyo haitaitambua Home, na unaweza kukuta alama ya ~ imejipachika katikati ya faili. Faili likiwa la mipangilio ya nginx (programu ya seva ya wavuti), huduma inaweza kugoma kuwaka, na wewe utatafuta kosa kila mahali isipokuwa kwenye .bashrc.

Hata hivyo jambo lenyewe si safi kama ninavyolisema. GNOME Terminal si xterm, lakini hujiita xterm-256color. PuTTY nayo hujiita xterm. Terminali nyingi zimeazima jina hilo na mara nyingi mambo yanakwenda. Mimi mwenyewe, seva ikiwa imelala na wageni wanasubiri vocha, naandika TERM=xterm-256color nano faili, kwa amri hiyo moja tu. Sijui kama mwalimu angenipa alama. Ninachokataa ni kuifanya ya kudumu.

Tiba kamili, ukiwa kwenye laptopu ndani ya kitty:

infocmp -x xterm-kitty | ssh seva tic -x /dev/stdin

infocmp inatoa maelezo kama maandishi, na tic inayajenga kulekule seva. Usinakili faili lililokwisha kujengwa: ncurses 6.1 ya mwaka 2018 ilileta muundo mpya wa kuhifadhi namba kubwa, na seva ya zamani haiwezi kuusoma.

Mawili ya haraka. Edita ikifa na terminali ikaacha kuonyesha unachoandika, andika reset kisha Enter. Enter ikigoma, tumia Ctrl-J. Vim ya zamani "ikiganda" baada ya Ctrl-S, mara nyingi umesimamisha terminali tu. Bonyeza Ctrl-Q.

Na kabla hujanipigia tena kwamba nano inafunguka kwako lakini sudo nano inakataa: maelezo yaliingia kwenye ~/.terminfo yako, na sudo huendesha amri kama root, msimamizi mkuu, mwenye nyumba yake. Ingia seva, andika infocmp -x xterm-kitty | sudo tic -x /dev/stdin, yaende kwenye hifadhi ya mfumo mzima.