Ajira za wanasayansi na wahandisi: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Wanasayansi na wahandisi ni wachache siku zote, hivyo aliyesomea fani hizo hawezi kukosa kazi.

Ukweli: Uhaba huja na kuondoka. Umoja wa Kisovieti uliporusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, mwaka 1957, Marekani ilimwaga fedha kwenye elimu ya sayansi na vijana wakafurika vyuoni. Katikati ya miaka ya 1960 mradi wa Apollo, wa kupeleka binadamu mwezini, ulikuwa na watu wapatao 400,000, wengi wao kwa wakandarasi. Kisha bajeti ikakatwa na oda za ndege zikapungua. Kampuni ya ndege ya Boeing, iliyokuwa na wafanyakazi 100,000 hivi eneo la Seattle mwaka 1967, ilibaki na chini ya 40,000 mwaka 1971, na wahandisi wazoefu wakawa miongoni mwa waliopoteza kazi.

Mchumi Richard Freeman alieleza mzunguko huu miaka ya 1970. Kumwandaa mhandisi huchukua takriban miaka minne. Mishahara ikipanda leo, madarasa hujaa. Wanafunzi hao wakihitimu kwa mkupuo, nafasi hazitoshi na mishahara hushuka. Wadogo zao wakiona hivyo huikimbia fani, na baada ya miaka kadhaa waajiri wanalia uhaba upya.

Hata wataalamu huteleza hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, lilitabiri upungufu wa wahitimu 675,000. Haukutokea. Kufikia mwaka 1992 Bunge lilikuwa likizichunguza hesabu hizo, huku wenye uzamivu (PhD) wa fizikia wakihangaika na barua za maombi. Mimi nikimsikia mwajiri akilalamikia uhaba, swali langu la kwanza ni moja: mshahara ameupandisha?

Dhana: Ukiwa na uzamivu, uprofesa unakusubiri.

Ukweli: Maabara moja ina profesa mmoja na wanafunzi kadhaa, na si kila mwanafunzi anaweza kurithi kiti hicho. Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, ilionyesha mwaka 2010 kwamba, kati ya wahitimu 1,000 wa uzamivu wa sayansi nchini humo, wasiofika 5 huishia kuwa maprofesa. Zaidi ya nusu huondoka kwenye sayansi mara tu wanapohitimu, na wengi wanaobaki hupita kwanza kwenye mikataba mifupi ya utafiti.

Dhana: Shahada ya sayansi na kazi ya sayansi ni kitu kimoja.

Ukweli: Takwimu za ofisi ya sensa ya Marekani za mwaka 2019 zinaonyesha ni asilimia 28 tu ya wafanyakazi waliosomea sayansi au uhandisi waliokuwa kwenye kazi hizo zenyewe. Wengine ni mameneja, wanasheria, walimu, watu wa fedha. Wapo waliokosa nafasi, ila wapo pia waliofuata mshahara mnono, na sioni sababu ya kuwahesabu kama hasara. Kwa upande wa pili, mafundi wengi wanafanya kazi za kiufundi za kiwango cha juu bila shahada.

Dhana: Wahandisi wasio na ajira ni wachache, kwa hiyo hali ni shwari.

Ukweli: Mhandisi anayeuza bima hahesabiwi kuwa hana kazi. Tazama badala yake mshahara wa anayeanza na urefu wa mkataba anaopewa.