Bwana misitu mwenye kiberiti

Mwezi wa sita, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nimeinama kando ya barabara ya udongo Mufindi, nimevaa sare, nawasha nyasi. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akasimama.

"Kamwene, bwana misitu. Juzi mkutanoni si wewe uliyetukataza kuchoma?"

Nilikuwa mimi. Nikamwomba atue mzigo nimweleze, akasema mzigo hautui, nieleze upesi. Nilijibu ovyo siku ile. Leo nina nafasi.

Huku Nyanda za Juu Kusini mvua hukatika kati ya Aprili na Mei. Juni bado kuna ukungu na umande, na nyasi zilizofika kiunoni zimekauka juu, chini zingali mbichi. Ukiziwasha jioni upepo ukiwa umetulia, zinaungua kwa uvivu, mwali hauzidi magoti, na usiku baridi inakusaidia kuzima. Nyasi hizohizo ukizisubiri hadi Oktoba zitakukimbiza. Kwa hiyo tunazichoma sisi wenyewe mapema, mstari kwa mstari, kwenye barabara za kuzuia moto zinazogawa shamba la miti vipande vipande. Moto wa Oktoba ukifika hapo ukute pamekwisha liwa.

Kwa asiyeijua kazi hii: misitu ya serikali kuu Tanzania Bara inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ulioanzishwa mwaka 2010. Yapo mashamba ya miti ya kupandwa, ipo misitu ya asili. Shamba kubwa kuliko yote ni Sao Hill, hapahapa Mufindi, ambako miti ya majaribio ilianza kupandwa mwaka 1939. Eneo lake linazidi hekta 135,000. Takriban 86,000 ni za kupanda miti, na sehemu kubwa ya zinazobaki ni misitu ya asili na mabonde yanayotunza vyanzo vya maji. Mtu akisikia ukubwa huo anadhani kazi yetu ni magari mekundu na ving'ora. Kazi yenyewe ni fyekeo na jembe. Barabara ya kuzuia moto isiyopaliliwa miaka miwili ni uwanja wa nyasi tu, na moto unaupenda kuliko msitu wenyewe.

Misindano, au paina kama wengi tunavyoiita, ina tabia yake. Majani yake membamba yakidondoka hayaozi upesi, hasa kwenye baridi yetu. Yanalundikana chini kama godoro, na mti uliokomaa kidogo unakuwa umesimama juu ya kitanda kikavu. Moto ukipita humo chini, watu wenye matawi mabichi, reki na mabomba ya mgongoni wanaweza kuuzima. Hatari ni matawi makavu ya chini, maana ndiyo ngazi yake ya kupandia. Watu wanafikiri tunapogoa ili mbao zisiwe na vifundo. Ni kweli, lakini mimi nikipita na wapogoaji ninachokiona ni ngazi inayoondolewa. Moto ukishafika vileleni hakuna wa kuukabili kwa tawi. Unarudi nyuma, unauwekea mahali pa kukosa chakula, unangoja.

Siku hizi setilaiti nazo zinatuonyesha nukta za joto kwenye ramani. Zinafaa kwenye misitu ya mbali. Kwenye shamba la miti, mlinzi aliye juu ya mnara na simu yenye chaji mara nyingi huiwahi setilaiti.

Lakini haya yote ni nusu ya kazi. Moto mwingi haujiwashi, wala hauanzii msituni. Unaanzia kwenye maandalizi ya shamba, kwa mrina asali aliyetupa mwenge, kwa mchunga ng'ombe anayetaka nyasi changa. Kwetu unaanzia sana kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi. Mtu anachoma takataka zake saa saba mchana, anakwenda kula, na bonde lina mteremko: moto unapanda juu kwa kasi, na juu ndiko iliko miti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma. Nimeisoma mikutanoni mara nyingi, wazee wakisinzia. Niliona mabadiliko pale wanakijiji walipoanza kupanda paina zao wenyewe. Mwenye ekari mbili za miti ya kumsomeshea mwanawe hahitaji kuhubiriwa na mtu wa serikali. Yeye ndiye wa kwanza kupiga simu.

Sasa nikiri kosa langu. Katika shamba moja nililowahi kufanyia kazi tulichoma nyasi vizuri, tukamwaga maji, nikakagua kwa macho, nikasema twendeni. Palikuwa na kisiki cha zamani. Juu kilikuwa kimezimika, ndani kinaendelea kuungua, na moto ukafuata mzizi chini kwa chini. Siku ya tatu upepo uligeuka, ukachomoza upande wa pili wa barabara, kwenye miche ya miaka miwili. Hekta nne. Miche ya umri ule gome lake ni jembamba, haiponi. Wapinzani wangu wa mkutanoni waliitwa kuja kuzima, na walikuja, bila hata mmoja kunisema. Bora wangenisema.

Baada ya hapo sikagui tena kwa macho. Napiga magoti, navua glavu, napapasa majivu kwa mgongo wa mkono, kisiki kwa kisiki. Mgongo wa mkono una ngozi laini, unasikia joto ambalo kiganja chenye sugu hakilisikii.

Yule mama wa kuni nilimwonyesha hivyo mwaka uliofuata, alipochoma kinyungu chake kwa kibali, asubuhi na mapema. Mchana akamtuma mjukuu kuniita. Nilimkuta amepiga magoti pembeni mwa bonde, mkono umejaa majivu.

"Hapa bado," akasema, akanipa jembe.